Boeing 737-800 iliyokula chumvi: tathmini ya ndege ya mtumba

Uamuzi kwanza. Boeing 737-800 yenye miaka 18 hadi 22 bado inafaa kununuliwa au kukodiwa na shirika linalofanya safari fupi na za wastani. Tunaipa alama nne kati ya tano. Alama moja tumeikata kwa ajili ya sehemu tatu ambazo kila fundi wa aina hii anazijua: kiungo kinachoshikanisha bawa na bodi (kiwiliwili cha ndege), mapanga ya feni za injini, na kutu ya chini ya sakafu. Zote tatu zina dawa na zote huonekana mapema, mradi ukaguzi wa kawaida uwe umefanywa kwa wakati na kwa ukamilifu tangu ndege itoke kiwandani. Anayechukua ndege ya umri huu anachukua pamoja nayo miaka ishirini ya kazi ya mafundi asiowajua, nzuri kwa mbaya. Tathmini hii ni ya vitu vyote viwili, ndege yenyewe na matunzo yake.

Kwa wasioifahamu vizuri: 737-800 iliruka mara ya kwanza tarehe 31 Julai 1997 na ikaanza kubeba abiria 1998. Ina urefu wa mita 39.5, hubeba hadi abiria 189, na uzito wake wa juu kabisa wa kupaa ni takribani kilo 79,000. Injini zake ni mbili, zote CFM56-7B, hakuna chaguo jingine. Ndege za abiria za aina hii zilikoma kutengenezwa karibu na 2020, kwa hiyo anayeitaka leo anaipata ikiwa imeshatumika. Faida yake kubwa ni wingi. Zilitengenezwa maelfu, vipuri vipo, na mafundi walioizoea wapo kila pembe ya dunia. Hata ikiharibika mbali na kituo chake, haichukui muda kumpata mtu mwenye leseni yake.

Umri wake unasomwa wapi

Muuzaji atakutajia mwaka wa kutengenezwa. Mwombe mambo matatu zaidi: jumla ya saa za kuruka, jumla ya mizunguko, na mahali ndege ilipokuwa ikilala.

Mzunguko mmoja ni kupaa na kutua mara moja, na ndio unaoichosha bodi. Ndege inapopanda, chumba chake hujazwa hewa ili abiria wapumue. Ikifika juu kabisa, hewa ya ndani huisukuma bodi kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani tano na nusu kwa kila mita ya mraba, na bati linalobeba msukumo huo lina unene wa takribani milimita moja katika sehemu kubwa ya bodi. Ikitua, msukumo unaondoka. Chukua ndege mbili zilizotoka kiwandani siku moja, zote zikaruka saa 3,000 kwa mwaka kwa miaka 20. Zote zina saa 60,000. Iliyokuwa ikifanya safari za saa nne nne ina mizunguko 15,000, na iliyokuwa ikifanya safari za saa moja moja ina 60,000. Kwenye karatasi ya mauzo zimezaliwa pamoja. Kwenye ribiti za bodi, zile pini zinazoshikanisha mabati yake, moja ni mama wa nyingine.

Somo hilo tasnia ililipata kwa uchungu tarehe 28 Aprili 1988, pale 737-200 ya Aloha Airlines ilipong'oka paa, takribani mita tano na nusu, ikiwa angani huko Hawaii. Mhudumu mmoja wa ndege alifariki. Ndege ilikuwa na miaka 19, saa 35,496 na mizunguko 89,680. Gawanya: ni zaidi ya kupaa mara mbili na nusu kwa kila saa ya kuruka. Ukaguzi wake mzito ulihesabiwa kwa saa, na kwa hesabu ya saa shirika lilikuwa linawahi kuliko mapendekezo ya kiwanda. Kwa hesabu ya mizunguko lilikuwa nyuma sana. Ongeza hewa ya chumvi ya baharini, ongeza gundi ya maungio ya mabati iliyokuwa imeachia, na nyufa ndogondogo za kwenye matundu ya ribiti zikaungana kuwa ufa mmoja mrefu.

Ndiyo maana leo mpango wa matengenezo wa 737-800 huandikwa kwa vipimo vitatu kwa pamoja, yaani saa, mizunguko na kalenda, na kinachotangulia ndicho kinachoiita ndege hangani, yaani kwenye karakana yake. Aidha, tangu kanuni za Marekani za 2010, ndege kubwa za abiria huwekewa kikomo cha mizunguko na saa, na ikishapita hapo hairuhusiwi kuruka kwa sababu hakuna majaribio yanayothibitisha kuwa nyufa hazitajitokeza sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Uliza mpango wa shirika lililoitumia ulitegemea kipimo gani. Kama ni shirika la safari fupi na kadi zake nyingi, yaani karatasi za kuagiza kila kazi ya matengenezo, zinahesabu saa tu, rudi nyuma ukague upya kila kitu cha bodi.

Uma wa bawa: kasoro inayoitambulisha

Kati ya bodi na bawa kuna kiungo cha metali chenye umbo la uma wa meza, kila upande, kinachosaidia kupitisha mzigo wa bawa kwenda kwenye fremu ya bodi. Kilikusudiwa kudumu mizunguko 90,000 bila kuhitaji kubadilishwa. Septemba 2019, mafundi waliokuwa wakibadilisha ndege za abiria zilizotumika sana kuwa za mizigo walizikuta nyufa kwenye uma huo zikiwa na mizunguko chini ya nusu ya hiyo.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza kila ndege ya familia hii iliyofikisha mizunguko 30,000 ikaguliwe ndani ya siku saba, na zile za kati ya 22,600 na 30,000 zikaguliwe kabla ya kumaliza mizunguko 1,000 zaidi. Katika ndege 810 za kwanza kukaguliwa, 38 zilikutwa na nyufa. Baada ya hapo ukaguzi hurudiwa kila mizunguko 3,500.

Ukaguzi wenyewe hauli muda mrefu. Fundi hufungua paneli za eneo hilo, akaingiza tochi, kioo na kamera ndogo ya boroskopu, akatazama ukingo wa uma na mikanda ya akiba iliyo jirani yake. Anachokitafuta ni mstari mwembamba unaotoka kwenye tundu la kifungio. Kinachokula muda na fedha ni kubadilisha. Ndege hushikiliwa kwenye vishikio maalumu ili isipinde, vifungio hutolewa kimoja kimoja, kiungo kipya huchongwa matundu kwa kulinganisha na ndege hiyohiyo, na ndege hukaa chini kwa muda usiopendeza meneja yeyote wa ratiba.

Kwa mnunuzi, hapa ndipo pa kupimia bei. Ndege ya mizunguko 35,000 iliyokwisha kubadilishiwa uma pande zote mbili, ikiwa na karatasi za kazi hiyo, ni bora kuliko ya mizunguko 28,000 ambayo haijaguswa na iko njiani kuelekea kwenye tatizo. Tunasema hivyo bila kusitasita.

Injini: mapanga 24 na hesabu ya mizunguko

CFM56-7B ni injini nzuri mno. Ikitunzwa hukaa bawani miaka mingi kabla ya kushushwa. Lakini umri wake nao una lugha yake.

Tarehe 17 Aprili 2018, panga moja la feni lilikatika katika injini ya kushoto ya 737-700 ya Southwest Airlines, safari 1380, na vipande vya kifuniko cha injini vikavunja dirisha. Abiria mmoja alifariki. Panga hilo lilikuwa na mizunguko zaidi ya 32,000. Tukio linalofanana nalo lilikuwa limetokea kwa shirika hilohilo Agosti 2016, na injini ni hii hii inayobeba 737-800. Chanzo kilikuwa ufa wa uchovu kwenye shina la panga, pale linapoingia kwenye kitovu cha feni. Sehemu hiyo hukandamizwa na nguvu ya kuzunguka kila injini inapopandishwa kasi, na ufa huanzia chini ya koti la kulinda shina, mahali ambapo jicho halifiki na rangi ya kupenyeza, iliyokuwa ikitumika zamani, inaweza kuukosa.

Leo kazi hufanywa hivi. Koni ya mbele ya injini hutolewa, kisha mapanga, yote 24, kila moja likiwa na namba ya nafasi yake. Mashina husafishwa mpaka mabaki ya kilainishi cha zamani yaishe. Hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kwa edi-karenti, kifaa chenye ncha kama ya kalamu kinachosikia mabadiliko ya umeme pale metali ilipopasuka. Shina hupakwa kilainishi kipya, kila panga hurudishwa mahali pake ili mizani ya feni isiharibike, na mtikisiko hupimwa injini ikiwaka. Upimaji hurudiwa kila mizunguko 1,600, yaani kama siku 320 kwa ndege inayoruka mara tano kwa siku.

Kilainishi kinadharauliwa sana hapa. Kikikauka, shina husuguana na tundu lake badala ya kuteleza, na msuguano huo unaongeza mzigo mahali pale pale ambapo ufa hupenda kuanzia. Katika kumbukumbu za ndege unayoikagua, tafuta tarehe za kulainisha kabla hata ya kutafuta tarehe za kupima. Shirika lililolainisha kwa wakati bila kusubiri kuamriwa limekueleza mengi kuhusu namna lilivyotunza vingine.

Kisha kuna vipande vyenye ukomo wa maisha, ambavyo vikifikisha mizunguko yake hutolewa hata kama vinang'aa. Kwa injini hii, vya feni ya mbele ni 30,000, vya kiini chenye joto kali ni 20,000, na vya turbini ya nyuma, ile inayozungusha feni, ni 25,000. Injini yenye kiini kilichofikisha 18,500 imebakiwa na mizunguko 1,500. Kwa safari sita kwa siku hiyo ni siku 250, halafu injini inashuka. Ndege mbili zinazofanana kwa rangi na viti zinaweza kutofautiana thamani kwa kiasi kikubwa mno kwa sababu ya jedwali hili moja.

Kutu: anza jikoni na chooni

Maji ndiyo adui wa kudumu wa ndege hii, na mengi hayatoki kwenye mvua. Hutoka kwenye majiko ya wahudumu, kwenye vyoo, na kwenye pumzi za abiria zinazoganda juu ya ukuta baridi wa bodi, kisha kuyeyuka ndege ikishuka. Yote huteremka chini ya sakafu ya mizigo. Huko kuna vali za dreni za kuyatolea nje. Zikizibwa na uchafu, au blanketi za kuzuia joto zikilowa na kulala juu ya fremu, alumini huanza kuvimba na kuachana tabaka kwa tabaka kama unga mweupe.

Fundi mzoefu akipanda ndege asiyoijua huenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele na wa nyuma, akaomba mbao za sakafu za jikoni na chooni zifunguliwe. Hutazama reli za viti, vichwa vya mihimili ya sakafu, na kizingiti cha mlango. Huingiza kidole kwenye vali ya dreni. Hugusa blanketi kama ni kavu. Hutafuta tabaka la dawa ya kuzuia kutu, lile la rangi ya kahawia lenye kunata: likiwa limeoshwa na halikurudishwa, mpango wa kutu umelegea.

Mpango wa kuzuia kutu hutambua ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kutu ndogo inayoweza kukwanguliwa na bati likabaki ndani ya unene unaoruhusiwa. Ya pili imevuka kipimo hicho, na sehemu inahitaji kiraka au kubadilishwa. Ya tatu ni ya dharura, inatishia usalama, na mamlaka lazima zijulishwe na ndege nyingine za shirika zikaguliwe. Mpango mzuri huibakiza ndege ngazi ya kwanza. Ukiona ngazi ya pili imejirudia mahali palepale katika ukaguzi mbili mfululizo bila muda wa kukagua kupunguzwa, huyo alikuwa anatibu kutu bila kutibu maji.

Hapo hapo kuna jeraha jingine linalotengenezwa na mikono yetu wenyewe mafundi. Ndege inapopakwa rangi upya, ute wa kuziba maungio ya mabati hukwanguliwa. Akitokea mtu akatumia kisu au kikwaruzo cha chuma badala ya cha plastiki ngumu, huacha mstari mwembamba kama unywele ukifuata ukingo wa bati lote. Rangi mpya inaufunika, na kila mzunguko wa hewa unauvuta, mpaka mstari unageuka ufa. Kasoro hii iligunduliwa kwenye 737 za kizazi kilichotangulia. Kwa ndege iliyopita kwa wamiliki watatu na kupakwa rangi mara nne, taka ripoti ya ukaguzi wa mistari hiyo kwenye maungio ya bodi. Mmiliki makini atakuwa nayo.

Huduma yenyewe: ukaguzi wa usiku na wa hanga

Ukaguzi wa A ni wa kila saa 500 hadi 1,000 kutegemea mpango wa shirika, na hufanyika usiku mmoja. Vichujio, grisi kwenye maungio ya magurudumu na ya mikunjo ya bawa (sehemu zinazotokezwa wakati wa kupaa na kutua), pini za kupimia uchakavu wa breki, taa, vifaa vya dharura. Ukaguzi wa B umekufa katika programu nyingi, kazi zake zimegawiwa kwa A na C. Ukaguzi wa C huja kati ya miezi 18 na 36, paneli nyingi hufunguliwa, na ndege hukaa chini wiki moja au zaidi. Ule mzito wa muundo huja kati ya miaka 8 na 12: viti, majiko na kuta za ndani hutoka, na ndege hubaki mifupa.

Wakati wa kupanga bajeti ya ndege kongwe, kosa la kawaida ni kuhesabu kadi zilizoandikwa tu. Kila kadi ya ukaguzi huzaa kadi nyingine za matatizo yaliyopatikana, na kadiri ndege inavyozeeka ndivyo uzao unavyoongezeka, mpaka kazi za kurekebisha zinapita za kukagua. Hanga inayokuahidi kuwa ukaguzi wa C wa ndege ya miaka 20 utakwisha siku zilezile za ndege ya miaka 6, ama haitafungua paneli zote au haijawahi kuifanya kazi hiyo.

Mashirika mengi hupenda kuukata ukaguzi mzito vipande vipande ili ndege isikae chini muda mrefu. Kuna ubaya wake. Aloha ilikuwa imeugawa wake kuwa mafungu 52 kwa miaka minane, na mengi ya kazi hizo yalifanywa usiku. Fundi anayeona kipande cha bodi leo na kipande kingine mwaka ujao hapati kuiona ndege nzima, na ufa unaotambaa kutoka eneo moja kwenda jingine unaweza kupita katikati ya mafungu mawili. Mgawanyo unakubalika kwa mifumo na vyumba. Kwa maungio ya bodi ya ndege yenye mizunguko mingi, tunapendelea ifunguliwe yote kwa mara moja.

Halafu kuna suala la mikono. Tarehe 20 Agosti 2007, 737-800 ya China Airlines ilitua Naha, Okinawa, ikaegeshwa, na ikalipuka moto. Watu wote 165 walitoka wakiwa hai. Ndege hiyo ilikuwa na miaka mitano tu. Wiki chache kabla, mafundi walikuwa wametekeleza maelekezo ya kuzuia nati zilegee kwenye reli ya mkunjo wa mbele wa bawa, ndani ya nafasi finyu ambayo mkono unafika lakini jicho haliingii. Waasha moja ilianguka na haikurudishwa. Bila waasha hiyo nati ilikuwa ndogo kuliko tundu ililopaswa kulishika, bolti ikachomoka, na mkunjo uliporudishwa ndani baada ya kutua, reli iliisukuma bolti hiyo ikatoboa ukuta wa tangi la mafuta.

Waasha moja. Kwa hiyo tunapoipima hanga, hatuanzi na ukubwa wake wala cheti cha ukutani. Tunatazama kama kila nati na waasha iliyotolewa iko kwenye mfuko wenye lebo ya kadi yake, kama sanduku la vifaa lina umbo lililochongwa kwa kila spana ili pengo lionekane haraka, na kama aliyekagua kazi si yule aliyeifanya. Mahali pasipoonekana kwa jicho, panahitaji kioo au boroskopu na picha inayobaki kwenye faili.

Mambo madogo ya huduma ya kila siku uwanjani nayo yana maana. Oili ya injini, kwa mfano, hupimwa ndani ya muda mfupi uliowekwa baada ya injini kuzimwa. Ikisubiri mpaka ipoe kabisa, sehemu yake huwa imeteremka nje ya tangi, kipimo kinasoma chini, fundi anaongeza, na takwimu za matumizi ya oili zinaharibika. Na takwimu hizo ndizo zinazomwambia mtu kwamba kuna beringi inaanza kulia.

Kuhusu kurefusha muda kati ya ukaguzi, tuwe wakali. Tarehe 31 Januari 2000, MD-83 ya Alaska Airlines ilianguka baharini na watu 88 wote wakafa, kwa sababu skrubu ndefu inayoinua na kushusha mkia wa mlalo ilikuwa imekosa grisi mpaka nyuzi za nati yake zikasagika. Muda wa kupaka grisi na wa kupima mlegeo ulikuwa umerefushwa hatua kwa hatua. 737-800 ina skrubu ya aina hiyo mkiani, na kadi yake ya grisi ni miongoni mwa za kwanza tunazozitafuta. Grisi mpya lazima isukumwe mpaka ya zamani itoke ikionekana. Kupaka juu kwa brashi hakutoshi.

Ndege iliyolala nayo inazeeka

Ndege nyingi za mtumba zimewahi kuegeshwa miezi kadhaa. Usiishike sifa ya "haikutumika sana" bila kuuliza ilitunzwaje. Julai 2020 mamlaka ya Marekani ilitoa agizo la dharura lililogusa ndege takribani 2,000 za familia ya 737: yoyote iliyoegeshwa siku saba au zaidi ilipaswa kukaguliwa vali zinazozuia hewa ya injini kurudi nyuma, zile za hatua ya tano ya kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa. Kutu ilikuwa inazifanya zikwame zikiwa wazi, na injini kuzimika zilikuwa zimesharipotiwa nne. Vali hiyo huzungushwa kwa mkono. Ikigoma au ikikwaruza, hutolewa.

Taka daftari la maegesho lenye saini za kila kipindi: magurudumu yalizungushwa lini, injini ziliwashwa au kuhifadhiwa kwa namna gani, maji yalitolewa kwenye matangi ya mafuta mara ngapi, na mirija ya kupimia kasi ilifunikwa na nini.

Viraka na makaratasi

737-800 ni ndefu kuliko ndugu zake wa kwanza, na magurudumu yakiwa bado chini, mkia wake hugusa lami pua ikiinuliwa nyuzi 11 hivi. Kwa hiyo ndege kongwe yenye kiraka mkiani si ajabu. Kiraka kilichofanywa sawasawa si aibu wala si kasoro. Kinachoua ni kiraka kibaya kilichofunikwa rangi. Boeing 747 ya Japan Airlines iliyoanguka tarehe 12 Agosti 1985 na kuua watu 520 ilikuwa imetengenezwa ukuta wake wa nyuma baada ya kugusa lami mwaka 1978. Bamba la kuunganisha lilikatwa vipande viwili, na mahali pa safu mbili za ribiti mzigo ukabaki kwa safu moja. Boeing 747 ya China Airlines iliyovunjika angani tarehe 25 Mei 2002 na watu 225 ilikuwa imewekewa kiraka mwaka 1980 juu ya bati lenye mikwaruzo, bila mikwaruzo yenyewe kuondolewa. Ya kwanza ilichukua miaka 7, ya pili 22.

Zunguka ndege ukiwa na ramani ya mibonyeo na viraka mkononi. Kila kiraka cha bodi kiwe kwenye ramani, na kila kilicho kwenye ramani kiwe na mchoro ulioidhinishwa pamoja na muda wa kukikagua tena. Ukikuta kimoja kisicho na karatasi, kazi inasimama hapo mpaka kifunguliwe.

Kwa vipande vyenye ukomo wa maisha, historia lazima ifike mpaka kiwandani, mmiliki kwa mmiliki, bila pengo. Mwaka 2023 iligundulika kuwa kampuni ya Uingereza ya AOG Technics ilikuwa imeuza vipuri vya CFM56 vikiwa na vyeti vya kughushi, na mashirika yakalazimika kushusha injini kuvitoa. Cheti cha kipuri kisisomwe tu: mpigie aliyekitoa, mpe namba yake, athibitishe.

Magurudumu na miguu ya kutulia haitupi wasiwasi katika ndege hii, mradi mwaka wa kufanyiwa ukarabati mkubwa, kwa kawaida kila miaka 10, usiangukie mwezi wa pili wa mkataba wako. Jenereta ya mkiani vilevile. Nyaya zinahitaji jicho zaidi: baada ya kila kazi ya kutoboa, chembe za metali zinazoangukia kwenye mafungu ya nyaya husaga ganda lake kidogokidogo kwa mtikisiko, kwa hiyo zifyonzwe siku ileile, zisipulizwe kwa hewa, maana kupuliza kunazisukuma ndani zaidi.

Mkataba ukiandikwa, weka sharti kwamba ndege ikabidhiwe ikitoka ukaguzi wa C, sakafu zikiwa zimefunguliwa kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na kwamba mwakilishi wako awepo hangani kabla ubao wa kwanza haujarudishwa. Siku tatu za kwanza, kadi nyingi zikiwa bado wazi na blanketi zikiwa zimetundikwa kukaushwa, ndizo atakazoiona ndege yote. Akifika siku ya kuosha na kupaka rangi, atabaki kusoma alichoandika mtu mwingine.